Hesabu Vidole Kwanza

Nina ugomvi na methali moja. Si desturi yangu kugombana na methali, kwani nilifundisha Kiswahili na Baiolojia kwa miaka mingi, na methali zimeniokoa mara nyingi nilipokosa la kuwaambia wanafunzi. Lakini hii isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka ilinitia aibu mbele ya jirani yangu, na baadaye nikaja kutambua kwamba imewatia wengine katika balaa kubwa kuliko aibu. Kwa hiyo leo naishitaki. Wewe msomaji utakuwa hakimu, na mashahidi wangu ni kuku.

Sikatai kwamba mtoto hurithi kwa wazazi wake. Ninachokataa ni ile tafsiri ya haraka tuliyoizoea: kwamba mtoto hana budi kufanana na mzazi kwa macho, na asipofanana naye basi kuna mtu aliyetenda kosa. Tafsiri hiyo ni uongo. Ni uongo katika banda la kuku, na ni uongo ndani ya nyumba za watu.

Nilipostaafu nilianza kufuga kuku uani kwangu, hapa Muheza. Nilikuwa na koo sita wa kienyeji: wawili wekundu, mmoja wa rangi ya kanga, mmoja kishingo wa rangi ya majani makavu, na wawili wenye madoadoa ambayo hata mimi sikuweza kuyapa jina. Mpwa wangu akanishawishi ninunue jogoo wa aina ya Silkie. Huenda umewahi kuwaona. Ni kuku wadogo, wapole, ambao manyoya yao hayakushikamana kama ya kuku wengine, bali yamechambuka kama sufi, hata ukimwona mmoja kwa mbali waweza kudhani ni paka amejikunyata. Asili yao ni Asia ya Mashariki, na Marco Polo tangu karne ya 13 alisimulia habari za kuku wa Uchina wenye nywele kama za paka. Jogoo huyo nilimlipia shilingi 60,000, na kilichonifanya nitoe fedha hizo ni kitu kimoja tu: alikuwa mweupe pe. Nilijua kwamba kuku mweupe hakosi mteja. Wako wanaomtaka kwa pambo, na wako wanaotumwa na waganga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: baba mweupe, watoto weupe, fedha mfukoni.

Koo wakaatamia siku 21, na wote sita wakanipa vifaranga 31. Nikangoja kwa hamu waote manyoya. Walipoota, sikuona hata mmoja mweupe. Walikuwako weusi, wa hudhurungi, wenye michirizi na wenye madoa. Wala hakuwako hata mmoja mwenye manyoya ya sufi. Wote walikuwa na manyoya ya kawaida kama kuku wowote wa barabarani.

Ng'ambo ya ua wangu anakaa mama mmoja mjane ambaye mtaani sote tunamwita Bibi. Wakati huo Bibi alikuwa na jogoo wake, kuchi mrefu, mweusi tii, mwenye kiburi cha kupita uani kwa watu bila hodi. Sikufanya uchunguzi wowote. Nilitazama migongo ya vifaranga wangu, nikamtazama jogoo yule, nikatoa hukumu. Jioni ile nilikwenda kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu uketi."

"Sikujia kuketi. Nimekuja kwa habari ya jogoo wako. Ameingia kwangu akaniharibia uzao. Jogoo wangu ni mweupe, na vifaranga wote wametoka na rangi za ajabu. Hawa si watoto wa jogoo wangu."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho mara moja. Alitoa chuya mbili tatu, akazitupa, kisha akaniuliza:

"Mwalimu, umewahesabu vidole?"

Nilidhani ananidhihaki. Niliaga kwa maneno makavu nikarudi nyumbani. Lakini swali lile lilinikera usiku kucha, na asubuhi niliingia bandani nikamkamata kifaranga wa kwanza. Kuku wa kawaida ana vidole vinne katika kila mguu. Silkie ana vitano. Cha tano hukaa nyuma, kimeinuka kidogo, kana kwamba kiliongezwa baadaye. Kifaranga wa kwanza alikuwa na vitano. Wa pili, vitano. Nikaendelea hadi wa mwisho. Katika 31, waliokuwa na vidole vitano, walau mguu mmoja, walikuwa 27. Hata wale wanne waliobaki walikuwa na vinyoya vimeota miguuni, na vichwani mwao kishungi kilikuwa kimeanza kuchomoza. Jogoo wa Bibi alikuwa na vidole vinne na miguu mitupu kama fimbo. Ushahidi wa baba yao ulikuwa miguuni siku zote, nami nilikuwa nikitazama migongoni.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu somo hili nililifundisha mwenyewe. Nilichora ubaoni mwaka baada ya mwaka zile njegere za Gregor Mendel, yule mtawa wa Brno aliyechapisha matokeo yake mwaka 1866, na dunia ikampuuza hadi mwaka 1900. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kila mtoto hupokea nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Kwamba nakala nyingine hutawala zikaonekana, na nyingine hujificha zikangoja. Nilijua hata kwamba William Bateson alitumia kuku huko Uingereza, mwaka 1902, kuonyesha kwamba kanuni ya njegere ni kanuni ya wanyama pia. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Lakini nilipotoka darasani na kuingia uani, niliiacha elimu ubaoni nikachukua methali.

Sasa nieleze yaliyotokea kweli. Weupe wa Silkie ni weupe unaojificha. Kuku huyo amebeba ndani yake rangi kamili, pengine nyeusi, pengine nyekundu, lakini kinasaba kinachohitajika ili rangi itengenezwe katika manyoya kimeharibika katika nakala zake zote mbili. Akizaa na koo mwenye nakala nzima, mtoto hupata moja nzima na moja mbovu. Ile nzima inatosha kufanya kazi, na rangi hutokea. Manyoya ya sufi nayo hujificha vivyo hivyo. Lakini kidole cha tano, kishungi na vinyoya vya miguuni ni sifa ambazo hata nakala moja huzionyesha. Ndiyo sababu watoto wa jogoo wangu walichukua sura ya mama zao mgongoni na ya baba yao miguuni.

Na usidhani weupe wote ni mmoja. Weupe wa Leghorn, kuku wa mayai anayejulikana dunia nzima, hutawala. Ukimchanganya na kuku wa rangi, watoto hutoka weupe, pengine na madoa machache. Kuku wawili wakisimama mbele yako, wote weupe pe, mmoja aweza kuwa mweupe kwa sababu moja na mwingine kwa sababu nyingine kabisa. Jicho halitenganishi. Watoto ndio hutenganisha.

Nilitaka kujiridhisha. Katika uzao ule nikachagua pora mmoja na tembe watano, wote wa rangi, nikawatenga katika banda la wavu ambalo hata shomoro hapiti. Nilipata vifaranga 29. Walipoota manyoya, wanane walikuwa weupe, na sita walikuwa na manyoya ya sufi. Wawili kati yao walikuwa na vyote viwili, weupe na sufi, picha ya babu yao. Wazazi wao wote walikuwa wa rangi na manyoya ya kawaida. Je, ningekuwa mtu wa methali tu, ningemshitaki nani safari hii?

Kulikuwa na jambo jingine lililonifundisha zaidi. Silkie, pamoja na weupe wake wa nje, ngozi yake ni nyeusi, na mifupa yake vilevile. Katika ule uzao wa kwanza, mitetea walitoka na nyuso na ngozi nyeusi kama za baba yao, lakini majogoo walikuwa na ngozi nyepesi yenye mabaka tu. Baba mmoja, mama wale wale, mayai ya kiota kimoja, na bado ndugu wa kike na wa kiume wametofautiana ngozi. Sababu ni kwamba koo wa kienyeji wenye miguu ya rangi nyepesi, kama wangu, huwa na kinasaba kinachozuia weusi wa ngozi, nacho hukaa katika ile kromosomu ambayo mama huwapa watoto wake wa kiume tu. Binti hupata kromosomu hiyo kwa baba peke yake, na kwa Silkie haina kizuizi. Bateson na mwenzake Punnett waliyaandika haya mwaka 1911. Ukigeuza, jogoo awe wa kienyeji wa namna hiyo na koo awe Silkie, basi watoto wote, wa kike na wa kiume, hutoka na ngozi nyepesi. Angekuwako hakimu wa rangi, angesema hao ni koo mbili zisizojuana.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema: "Mwalimu, wewe unadharau rangi, lakini rangi ina kazi yake." Ni kweli, nami nakubali. Katika viwanda vya kutotolesha vifaranga, huchukuliwa jogoo wa rangi ya dhahabu na koo wa rangi ya fedha, na siku ile ile ya kuanguliwa, majike hutambuliwa kwa hudhurungi yao na madume kwa weupe wao wa njano. Hapo rangi ni shahidi wa kuaminika. Lakini angalia kinachomfanya aaminike: aliyepanga anawajua wazazi wote wawili, anajua ni kinasaba gani, na anajua kinapita njia gani. Rangi haikusema uongo hata siku moja. Sisi ndio mahakimu wavivu, tunaosikiliza nusu ya ushahidi kisha tukafunga kesi.

Wako pia wafanyabiashara wanaouza rangi kama kitambaa. Mtu hununua jogoo na koo wa rangi ya buluu, ile ya kijivu iliyopauka kama moshi, akaahidiwa kwamba atapata vifaranga wa buluu watupu. Hawezi kuwapata. Buluu ni nusu ya safari kati ya nyeusi na nyeupe yenye madoa. Ukiwaoanisha buluu kwa buluu, kwa wastani nusu ya watoto huwa buluu, robo weusi, na robo weupe wenye madoa. Mnunuzi hupiga kelele kwamba ameibiwa, na muuzaji huapa kwamba jirani ndiye mwenye makosa. Wote wawili wangehesabu kwanza, wasingegombana.

Na kwa waganga nina swali moja la heshima. Mnapomtuma mgonjwa maskini alete kuku mweupe pe, asiye na doa, naye akauza godoro ili amnunue, halafu ikawa kuku huyo ni Silkie, je, mmepokea kuku mweupe au kuku mweusi? Manyoya yake yanasema hivi, ngozi na mifupa yake inasema vile. Kama nguvu imo katika rangi, niambieni imo katika rangi ipi. Na kama hamjui, mrudishieni mgonjwa godoro lake.

Hapa ningeweza kukomea, na makala haya yangebaki ya kuku. Lakini nilikwambia mwanzoni kwamba methali ile imewatia wengine katika balaa.

Siku chache baada ya kuhesabu vidole nilikwenda kwa Bibi kuomba radhi. Safari hii niliketi. Nikamuuliza alijuaje habari za vidole, yeye ambaye hakukaa darasani kwangu. Akasema amefuga kuku tangu utotoni, na mtu akitaka kujua kuku ni wa nani humtazama mwili mzima. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Na tena Mwalimu, nyumba hii imezoea kushitakiwa kwa rangi."

Nilimwelewa, kwa kuwa sote mtaani tulijua na sote tulinyamaza. Binti yake aliolewa mkoa mwingine. Mtoto wake wa pili alizaliwa na ualbino. Upande wa mume ukasema mtoto yule si wao. Mmoja akasema mama amezini na mzungu, mwingine akasema ni jini, mwingine akasema ukoo wa mke una laana ambayo haikutajwa wakati wa posa. Mume hakusema neno, na kunyamaza kwake kukawa hukumu. Binti akarudi kwa mama yake na watoto wawili na mkoba mmoja. Wazee wa kwetu walikuwa na usemi mwingine, kwamba kitanda hakizai haramu. Lakini siku ile hakuna aliyeukumbuka. Waliukumbuka wa nyoka tu.

Sasa hakimu, nakuomba urudi bandani kwangu ukawatazame wale vifaranga wanane. Ualbino wa binadamu wa kwetu si kinasaba kile kile cha weupe wa Silkie, na mtoto wa mtu si kifaranga. Lakini mwendo wa urithi ni ule ule. Baba ana nakala moja nzima na moja mbovu, naye ana rangi yake kamili. Mama vivyo hivyo. Katika kila mimba yao, nafasi ni moja kati ya nne kwamba mtoto atapata nakala mbovu mbili. Hawezi kuzipata kwa mama peke yake. Ule weupe wa mjukuu wa Bibi ulikuwa ushahidi, naam, lakini ulikuwa ushahidi wa nini? Ulithibitisha kwamba mama yake alibeba nakala ile, na kwamba baba wa mtoto aliibeba pia. Waliomfukuza mama walikuwa na kinasaba hicho hicho katika ukoo wao wenyewe, wameketi nacho barazani wakitoa hukumu.

Huu si ugomvi wa maneno. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino kwa kulinganisha na idadi ya wakazi; makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 1,400. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikielekea mwisho, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu hao waliwindwa, wakakatwa viungo, wakauawa, kwa kuwa kuna walioamini kwamba rangi ni dawa. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ni jambo jema, nami naiunga mkono. Lakini sheria humkamata mwenye panga. Haimkamati shangazi anayenong'ona jikoni siku ya arobaini kwamba mtoto huyu hakufanana na mtu wa kwetu. Na mimi nasema panga lile lilinolewa kwanza jikoni. Mtoto aliyekwisha kukataliwa na baba yake ndiye rahisi kuwindwa.

Najiweka na mimi kizimbani. Nilikuwa na elimu, nikanyamaza binti wa Bibi aliporudi. Ningekwenda kwa wakwe zake na chaki yangu, pengine wasingenisikiliza, lakini sikwenda. Nilijisemea kwamba mambo ya ndoa za watu hayanihusu. Kisha vifaranga wangu walipobadilika rangi, nilivuka ua upesi kwenda kudai haki.

Ninachotaka ni kidogo. Walimu wenzangu mlioko kazini, msiishie kwenye njegere. Watoto wetu wana kuku majumbani. Waambieni waandike rangi ya jogoo, rangi ya koo na rangi ya kila kifaranga, kwa vizazi viwili. Mtoto aliyeona kwa macho yake kifaranga mweupe akitoka chini ya koo mwekundu aliyepandwa na jogoo mwekundu hatadanganywa kirahisi akiwa mtu mzima. Wazee wenzangu, mtoto akizaliwa asiyefanana na mtazamio wenu, fungeni midomo kwanza. Na kina baba, mkumbuke kwamba kilichojificha ndani ya mkeo huenda kimejificha ndani yako pia.

Baadaye nilimchukulia Bibi tembe wawili wa uzao wa pili achague mmoja. Mmoja alikuwa mweupe pe mwenye manyoya ya sufi, yule ambaye mjini ningempatia fedha nzuri. Wa pili alikuwa na rangi ya majivu yaliyomwagiwa chai. Bibi akawanyanyua mmoja mmoja, akawapapasa kifua na nyonga, akamchukua yule wa majivu, akasema huyu atakuwa mtamiaji hodari. Mjukuu wake alikuwa ameketi kivulini, amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu. Akaomba amshike. Alimgeuza chali, taratibu, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano.